KUTAMBUA UBORA WA NGOZI KATIKA MAVAZI YA WAENDESHA PIKIPIKI

Pikipiki imekuwa chombo cha kila siku cha usafiri katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki. Humfikisha mgonjwa zahanati, mtoto shuleni na gunia la mahindi sokoni. Lakini mwendeshaji wake hana bodi ya chuma wala mlango wa kumkinga. Akianguka, kinachobaki kati ya mwili wake na lami ni nguo aliyoivaa. Ndiyo sababu waendeshaji wengi, hasa wale wanaofanya kazi usiku na alfajiri, hutafuta koti la ngozi. Ni wachache wanaolinunua jipya dukani. Wengi hulichagua katika marundo ya mitumba, kama yale ya Karume mjini Dar es Salaam au Gikomba mjini Nairobi, na hapo ndipo penye shida. Katika rundo moja huweza kuwamo koti lililoshonwa kwa ajili ya barabara, koti lililoshonwa kwa ajili ya dansi, na koti ambalo halikupata kuwa ngozi ya mnyama hata siku moja. Yote matatu ni meusi, yote yana zipu, na yote hung'aa baada ya kupakwa mafuta na mwuzaji.

Makala haya yanaeleza ngozi ni kitu gani, kwa nini baadhi ya ngozi hustahimili kuburuzwa barabarani na nyingine hupasuka kama karatasi, na jinsi mnunuzi asiye na maabara anavyoweza kuipima kwa macho, vidole na kadi ya benki.

Yanayotokea mtu anapoanguka

Mwendeshaji anayekwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Akitengana na pikipiki yake hasimami papo hapo, bali huserereka juu ya barabara mpaka msuguano umalize mwendo wake. Ikichukuliwa kwamba kizio cha msuguano kati ya nguo na lami kavu ni 0.6, hesabu huonyesha kwamba ataserereka kwa sekunde 2.4 hivi na kufika umbali wa mita 16. Akiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, muda huo huwa maradufu, na umbali huwa mara nne, yaani zaidi ya mita 65.

Mtu mwenye uzito wa kilo 70 katika mwendo ule wa kwanza ana nishati ya mwendo ya jouli 6,700 na kitu. Nishati hiyo haipotei. Sehemu yake hugeuka joto na sehemu hutumika kukwangua nguo na barabara. Kiasi hicho kingetosha kupandisha joto la gramu 100 za maji kwa digrii 16 tu za Sentigredi, jambo ambalo laweza kuonekana dogo. Ila mwili haugusi barabara sawasawa kila mahali. Uzito hukaa juu ya kiwiko, bega, nyonga na goti, mahali ambapo mfupa uko karibu na uso wa mwili. Joto na mkwaruzo wote huelekezwa kwenye vipande vidogo vya nguo vyenye ukubwa wa kiganja.

Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Dk. Roderick Woods alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi na kuunda mashine inayoangusha kipande cha nguo juu ya ukanda wa msasa unaokwenda mita 8 kwa sekunde, kisha kupima muda unaopita kabla ya kutokea tundu. Kitambaa cha kawaida cha jinzi mara nyingi hutoboka kabla ya sekunde moja kwisha. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2002 iliyotokana na kazi ya namna hii, ijulikanayo kwa namba EN 13595, ilitaka sehemu zinazogonga barabara kwanza zistahimili sekunde 4 kwa daraja la kwanza na sekunde 7 kwa daraja la pili. Mwaka 2020 ilitoka kanuni nyingine, EN 17092, yenye namna tofauti ya kupima na madaraja yanayoandikwa kwa herufi: AAA ndilo la juu, likifuatwa na AA, kisha A. Herufi B na C zipo pia, lakini B haina sharti la vikinga-mshindo, na C ni kwa vazi la kushikilia vikinga-mshindo tu, si la kuzuia mkwaruzo. Mnunuzi wa mitumba inayotoka Ulaya afunue bitana ya koti na kutafuta kitambulisho chenye picha ndogo ya mtu juu ya pikipiki pamoja na namba na herufi hizo. Kikiwapo, kazi yake imepungua nusu. Mara nyingi kimekatwa au kimefutika, na hapo hana budi kuisoma ngozi yenyewe.

Umbile la ngozi

Ngozi mbichi ya ng'ombe ina tabaka tatu. Juu kabisa kuna utando mwembamba wenye nywele, ambao huondolewa kwa chokaa kiwandani. Chini, upande wa nyama, kuna mafuta na vishipa ambavyo navyo hukwanguliwa. Kinachobaki katikati ndicho kinachofanywa koti, kiatu au mkanda. Ni mfumo wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizofumana pande zote bila mpango wa mtande na mshindio kama kitambaa. Kitambaa kikikatika uzi mmoja, tundu huenea kwa kufuata mstari wa uzi. Katika ngozi hakuna mstari wa kufuatwa, na kila uzi umefungwa na wenzake wengi.

Tabaka hilo la katikati nalo lina sehemu mbili, na hapa ndipo penye siri ya ubora wote. Sehemu ya juu, yenye vitundu vya vinyweleo, ina nyuzi nyembamba sana zilizosongamana. Ndiyo inayoipa ngozi uso wake laini na kuzuia maji na mkwaruzo mdogo. Peke yake ni dhaifu. Sehemu ya chini ina nyuzi nene zilizopindana, na ndiyo inayobeba nguvu ya kuvutwa na kuraruliwa. Kwa ng'ombe, sehemu ya juu ni kama moja ya tano ya unene wote. Kwa kondoo huweza kuwa nusu au zaidi, tena mara nyingi kuna mafuta mengi mahali sehemu hizo mbili zinapokutana; mafuta yakitoka kiwandani, nafasi hubaki, na uso wa ngozi huweza kubanduka na kufanya malengelenge.

Kutokana na maelezo hayo, mtu ataelewa kwa nini unene si jambo la kuongeza na kutoa tu. Ngozi ya ng'ombe iliyopasuliwa mpaka kubaki milimita 0.7 karibu yote ni ile sehemu ya juu iliyo dhaifu. Ile iliyobaki na milimita 1.3 imechukua pamoja nayo nyuzi nene za chini. Kwa hiyo ya pili huipita ya kwanza kwa nguvu kuliko tofauti ya unene inavyoonyesha.

Mahali ngozi ilipokatwa mwilini pia pana maana. Ngozi ya mgongo na matako ina nyuzi zilizoshikamana. Ya tumbo na ya makwapa ina nyuzi zilizolegea, nayo hunyumbuka ovyo. Fundi mwaminifu huweka ngozi ya mgongo kwenye viwiko na mabega, na ya tumbo huitumia penye vificho au haitumii kabisa. Tena kuna makovu. Mifugo ya Afrika Mashariki hupata makovu ya kupe, miiba, chapa za moto na, baya kuliko yote, visu vya wachunaji. Kovu la kupe lililopona juu juu ni dosari ya sura tu na halipunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha. Mkato wa kisu upande wa nyama ni jambo jingine: hauonekani kwa nje, nao umekata zile nyuzi nene hasa.

Kudabaghi

Ngozi mbichi huoza ikiwa na maji, na ikikauka huwa ngumu kama ubao. Kuidabaghi ni kuzifunga nyuzi za kolajeni kwa kemikali ili zisioze na zisigandamane. Njia ya zamani hutumia tanini ya magome ya miti. Pwani magome ya mikandaa na mikoko yalikuwa bidhaa ya kusafirishwa ng'ambo, na katika nyanda za juu, kama Njombe, miti ya miwati ilipandwa kwa kazi hiyo. Njia ya pili hutumia chumvi za madini ya kromu. Mjerumani Friedrich Knapp aliieleza mwaka 1858, na Augustus Schultz alipata hataza yake Marekani mwaka 1884. Leo sehemu kubwa ya ngozi duniani hudabaghiwa kwa kromu.

Kwa mwendesha pikipiki tofauti kubwa iko katika joto. Ngozi mbichi ikitiwa katika maji ya moto hujikunyata ikifika digrii 60 hadi 65 hivi. Iliyodabaghiwa kwa magome hustahimili mpaka digrii 70 au 85. Ile ya kromu iliyotengenezwa vizuri huvumilia maji yanayochemka. Pia ni laini na nyepesi zaidi. Ngozi ya magome inafaa sana kwa mikanda, soli na matandiko; kwa koti la barabarani ya kromu ndiyo bora. Kuitambua si kazi ngumu: ukingo uliokatwa ambao haukupakwa rangi huwa wa kijivu au wa kibuluu-kijani, ambapo ule wa magome ni wa hudhurungi. Hata hivyo, viwanda vingi hupitisha rangi ndani mpaka katikati, na hapo dalili hii hupotea.

Kromu itumikayo kudabaghi haina madhara makubwa kwa mvaaji. Ngozi iliyotengenezwa kwa uzembe au kuunguzwa kwa joto huweza kuwa na kromu ya namna nyingine, yenye valensi sita, ambayo huwasha na kuleta vipele. Umoja wa Ulaya umeizuia isizidi miligramu 3 katika kilo moja ya ngozi tangu mwaka 2015. Mtu atokwaye na vipele shingoni au viganjani kila avaapo vazi fulani na aliache.

Ngozi kamili, ngozi iliyosuguliwa na ngozi ya chini

Ngozi ya ng'ombe huwa na unene wa milimita 3 hadi 6, ambao ni mwingi mno kwa koti. Mashine yenye kisu cha ukanda huipasua katika mapande. Pande la juu likiachwa na uso wake wa asili huitwa ngozi kamili. Likiwa na makovu mengi husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi nzito, kisha hupigwa chapa ya vinyweleo vya uongo. Ngozi ya namna hii huweza kuvaliwa barabarani ikiwa nene, ingawa imepunguziwa ubora.

Pande la chini halina uso wa asili. Likiachwa na manyoya laini pande zote mbili, kila mtu hulitambua. Udanganyifu huingia linapogandishwa utando wa plastiki uliochapwa sura ya ngozi kamili. Huu ni udanganyifu mbaya kuliko ule wa plastiki tupu, kwa sababu mwuzaji anaweza kuapa, bila kusema uongo, kwamba hiyo ni ngozi ya ng'ombe. Chini yake zaidi ipo ile inayofanywa kwa kusaga mabaki ya ngozi na kuyaunganisha kwa gundi. Nyuzi zake zimekwisha katwa vipande vifupi. Haina nguvu yoyote ya maana. Maneno ya Kiingereza yaliyopigwa chapa kwenye kola kwamba hiyo ni ngozi halisi hayatofautishi lolote kati ya haya.

Kwa habari ya wanyama, ng'ombe ndiye msingi wa makoti na suruali. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba lakini imeshikamana sana, nayo inafaa kwa glovu. Ya kondoo ni laini na huvutia mkono, na makoti mengi ya fahari hutengenezwa nayo. Kwa glovu za kuvalia mjini ngozi ya kondoo wa nyanda za juu za Ethiopia inasifika, ila koti la kondoo si vazi la barabarani. Ngozi ya kangaruu wa Australia huwa na nguvu kubwa kwa unene mdogo kwa sababu nyuzi zake hulala sambamba na uso, na mashindano ya pikipiki huitumia. Bei yake ni ya watu wa mashindano.

Kupima sokoni

Hatua ya kwanza ni kutafuta ukingo uliokatwa. Upo ndani ya mfuko, chini ya kola, au mahali bitana ilipofumuka. Ngozi huonyesha nyuzi zilizochakaa kama ukingo wa karatasi nzito iliyochanwa. Ngozi bandia huonyesha kitambaa kilichofumwa, na juu yake utando. Ngozi ya chini iliyopakwa plastiki huonyesha mpaka mkali kati ya utando na nyuzi, na huo utando huweza kuinuliwa kwa ukucha.

Hatua ya pili ni unene. Kadi ya benki, au ile kadi kubwa ambayo kadi ya simu hubanduliwa, ina unene wa milimita 0.76. Koti la kuendeshea pikipiki linatakiwa liwe na ngozi ya milimita 1.1 hadi 1.4. Basi ukingo wa ngozi moja, usiokunjwa, ukilinganishwa na kadi, sharti uzidi waziwazi unene wa kadi moja na ukaribie wa kadi mbili. Ukiwa sawa na kadi moja au pungufu, hilo ni koti la matembezi. Mtu asipime kwenye mshono, kwa kuwa pale ngozi imekunjwa mara mbili au tatu. Wauzaji wanajua kuelekeza mikono ya wateja huko.

Kisha uso. Ngozi ibonyezwe kwa dole gumba. Ngozi kamili hufanya mikunjo midogo inayotawanyika kutoka kwenye dole na kupotea likiondolewa. Plastiki hubonyea tu bila mikunjo, au hufanya mikunjo mipana. Ikikunjwa uso ukiwa ndani na kutokea mikunjo mikubwa iliyovimba kama bomba, uso umeachana na sehemu ya chini, nayo ni ngozi ya tumbo au iliyoharibika. Vinyweleo vitazamwe kwa karibu: vya asili havilingani, hukaribiana hapa na kuachana pale, na upande mmoja wa koti hautafanana na mwingine. Vikilingana kila mahali kama nukta za taipureta, vimechapwa kwa mashine.

Majaribio mawili yanayopendwa sokoni hayategemeki. La kwanza ni tone la maji: watu husema ngozi hunywa maji na plastiki haiyanywi. Ni kweli kwa ngozi isiyopakwa rangi nzito, lakini ngozi nyingi nzuri za pikipiki zimepakwa makusudi zisinywe maji ya mvua. La pili ni harufu, ambayo hupuliziwa kwa chupa. La kibiriti hutegemeka zaidi, ikiwa tu mwuzaji ameruhusu kuchomoa unyuzi mdogo toka upande wa ndani: ngozi hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika, plastiki huyeyuka na kuacha donge gumu.

Mishono na umri

Ngozi bora iliyoshonwa vibaya ni kazi bure, maana katika maanguko mengi kinachoachia kwanza ni mshono. Mishono ya mabega na viwiko inatakiwa iwe ya mistari miwili au zaidi, na mmoja wao ufichwe ndani ya mkunjo ili lami isiufikie. Uzi uwe wa nailoni au poliesta. Wa pamba huoza kwa jasho. Mishono iliyobanana mno nayo ni hatari, kwani huigeuza ngozi kuwa kama stempu zilizotobolewa tayari kwa kuchanwa. Mnunuzi ashike pande mbili za mshono wa bega na kuvuta kwa nguvu za kadiri. Matundu ya sindano yakipanuka na kubaki wazi, ngozi imechoka.

Kuchoka huko ndiko ugonjwa mkuu wa mitumba. Nyuzi za ngozi hutelezeana kwa msaada wa mafuta yaliyotiwa kiwandani. Miaka ikipita, au koti likikaa ndani ya robota katika joto, mafuta hayo hupungua, nyuzi hugandamana, na ngozi nene ya kutosha hukatika kama biskuti. Mafuta ya kupikia au grisi aliyoipaka mwuzaji asubuhi hung'arisha uso bila kurudisha nguvu iliyopotea. Kwa hiyo kiwiko kikunjwe kabisa, uso ukiwa nje, na kuangaliwa kwenye mwanga: nyufa zilizo kwenye rangi tu zinavumilika, nyufa zinazoonyesha nyuzi hazivumiliki. Ngozi ya magome iliyozeeka yaweza pia kutoa unga mwekundu vidoleni. Hiyo imekwisha kuliwa na asidi, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Ngozi huzuia kukwanguliwa. Haizuii mfupa kuvunjika, na kwa hiyo mifuko ya mabegani na viwikoni itazamwe kama ina vikinga-mshindo vyenye namba EN 1621. Sponji ya godoro iliyoshonewa humo hupatikana mara nyingi, na huwa imesagika. Kwa viatu vya Ulaya, kuna alama ndogo ndani au chini ya soli: umbo la ngozi iliyotandazwa maana yake ni ngozi, na umbo la almasi peke yake maana yake ni kitu kingine kisichokuwa ngozi wala kitambaa. Almasi ikiwa ndani ya umbo la ngozi, ni ngozi iliyopakwa utando.

Koti lililonyeshewa na mvua litundikwe kivulini penye upepo, juu ya kitu kipana kama bega la mtu, mpaka likauke lenyewe. Likiwa bado na unyevunyevu kidogo lipakwe mafuta ya ngozi kwa kiasi, kwanza viwikoni na mabegani. Wengi hulianika juani juu ya tangi la pikipiki au hulikalisha karibu na jiko la mkaa ili liwahi safari ya asubuhi, na ngozi ambayo ingedumu miaka kumi hupasuka kabla ya masika mawili kupita.